Safu ya Safari: Maswali Yenu Kuhusu Likizo ya Meli za Kitalii

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu likizo ya melini, yaani safari ambayo meli yenyewe ndiyo hoteli, na abiria huamkia bandari mpya karibu kila asubuhi. Wengi wenu mmeuliza meli ipi ni nzuri. Kwa mtazamo wangu swali hilo huja la pili. Msomaji anayesafiri kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda aisome kwanza ratiba ya bandari, kwa kuwa ratiba ndiyo itakayoamua viza, gharama, afya na hata furaha yake, na majibu yangu yote yameegemea hapo.

Mimi na mume wangu tunatimiza miaka 25 ya ndoa, na watoto wametuchangia safari ya siku saba kutoka Barcelona, kupitia Marseille, Genoa, Civitavecchia na Palermo, kisha kurudi Barcelona. Wakala anatuhimiza tulipe haraka kabla bei haijapanda, na anasema mambo yote, pamoja na viza, yatashughulikiwa na meli. Je, ni kweli? Na bei hiyo inajumuisha nini?
*Mama, Mbezi Beach, Dar es Salaam*

Hongereni sana, Mama, na wapewe pongezi watoto waliowakumbuka. Kuhusu viza, alilowaambia wakala si kweli. Kampuni ya meli haimwombei abiria viza. Kazi yake ni kukagua hati, na asiye na viza sahihi huachwa gatini na nauli yake hupotea. Heri yenu ni kwamba bandari zote mlizozitaja ziko Hispania, Ufaransa na Italia, nchi ambazo zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza moja ya eneo hilo inawatosha. Hata hivyo, kuna ratiba zinazofanana sana na hiyo ambazo huongeza kituo kimoja cha Tunisia au Moroko, na nyingine za mashariki ya Mediterania hutoka Piraeus nchini Ugiriki, zikagusa Kuşadasi nchini Uturuki na kurudi Ugiriki. Meli ikigusa bandari ya namna hiyo, abiria anahesabiwa kuwa ametoka Schengen, na ili arudi ni lazima viza yake iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, tena huenda akahitaji viza ya nchi hiyo nyingine. Ndiyo maana nasisitiza kwamba muombe ratiba kwa maandishi, bandari moja baada ya nyingine, na muipeleke hiyo hiyo ubalozini.

Mpangilio wa malipo nao una uzito. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na ni lazima yawasilishwe angalau siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ingawa yanaweza kuchukua hadi siku 45. Tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90, nayo hairudishwi ombi likikataliwa, na bima ya safari inayotakiwa ni ya matibabu yasiyopungua thamani ya yuro 30,000. Kampuni nyingi za meli hupokea amana ndogo mwanzoni na kudai salio miezi miwili au mitatu kabla ya kuondoka. Basi ombeni viza mapema kiasi kwamba jibu la ubalozi litangulie tarehe ya salio, na kabla ya kutoa chochote mumuulize wakala, akiandika, ni kiasi gani kitarudishwa viza ikikataliwa. Akikwepa swali hilo, tafuteni wakala mwingine.

Nauli hulipia chumba, milo ya kumbi za kawaida, burudani na usafiri wa kutoka bandari moja hadi nyingine. Vinywaji vingi, intaneti, saluni, migahawa maalumu na matembezi ya nchi kavu huwa juu yenu. Kuna pia bakshishi ya wahudumu, ambayo katika kampuni kubwa za Marekani ni takriban dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku na huongezwa yenyewe kwenye hesabu. Kwa watu wawili siku saba, hiyo ni zaidi ya dola 220 ambazo wengi huziona kwa mara ya kwanza asubuhi ya kushuka. Mimi huilipa bila kusita, kwa sababu wanaotandika vitanda na kuosha vyombo humo wako mbali na nyumbani kwa miezi mingi, lakini nataka muijue kabla ya kuondoka. Pesa taslimu karibu hazitumiki melini. Mtapewa kadi ya chumba iliyounganishwa na kadi yenu ya benki, na kampuni inaweza kuzuia kiasi fulani katika akaunti kama dhamana. Iarifuni benki mapema, na msiitegemee akaunti yenye salio dogo.

Jambo la mwisho kwenu: laleni Barcelona usiku wa kuamkia siku ya kupanda. Ndege ya Dar es Salaam ikichelewa mahali inapounganisha, meli haiwezi kuwasubiri.

Huwa nawaona watalii wa meli wakishuka bandarini Malindi, hapa Unguja. Wengine hupakiwa kwenye mabasi na wengine huingia mjini kwa miguu. Nikipata safari yangu, ninunue matembezi ya meli au nijitegemee?
*Kijana wa Mwanakwerekwe, Unguja*

Jibu umeshaliona kwa macho yako. Abiria anayetaka kuuona Mji Mkongwe hana haja ya basi, kwa kuwa akitoka lango la Malindi yumo mjini kwa dakika chache, na mtembezaji mwenyeji atamfikisha Darajani, Forodhani na kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, tena kwa bei ya chini kuliko ile ya meli. Anayetaka kwenda Jozani au Nungwi ana hesabu nyingine ya kupiga, kwa sababu barabara, jua na saa ya meli kuondoka vyote vinamfuata.

Pima kila bandari kwa umbali huo. Piraeus iko jirani na Athens na kuna reli ya mjini, hivyo unaweza kujitegemea bila hofu. Roma, kwa upande mwingine, haiko bandarini hata kidogo: meli hutia nanga Civitavecchia, umbali wa takriban kilomita 80, na treni nyingi hutumia zaidi ya saa moja kwenda tu. Mji wa Firenze, huko huko Italia, nao uko mbali na bandari ya Livorno kwa umbali unaokaribia huo. Mahali pa namna hiyo mimi hununua matembezi ya meli, ingawa ni ghali na kundi huwa kubwa, kwa sababu basi la meli likikwama njiani nahodha huwasubiri abiria wake au kampuni hubeba gharama ya kuwafikisha bandari inayofuata, ilhali aliyekwenda kivyake akichelewa huiona meli ikiondoka, naye hujilipia ndege au treni ya kuifuata.

Zingatia saa mbili. Ya kwanza ni ya kufunga ngazi, ambayo kwa kawaida hutangulia saa ya kuondoka kwa nusu saa au zaidi. Ya pili ni saa ya meli yenyewe, ambayo pengine hailingani na ya nchi uliyoshukia, na simu inaweza kujibadilisha bila wewe kutambua. Ndiyo maana saa ya mkononi iliyowekwa kwa majira ya meli hunifaa kuliko simu. Kumbuka pia kwamba kwenye visiwa kama Santorini cha Ugiriki meli kubwa haifungi gati, abiria hushushwa kwa mashua ndogo, na foleni ya kushuka, kupanda kwa gari la kamba hadi mjini Fira na kurudi hula sehemu kubwa ya mchana.

Nilipanda boti ya kasi kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar nikatapika mwanzo hadi mwisho. Mume wangu sasa anataka likizo ya meli. Je, nikubali? Na nichague chumba cha namna gani?
*Dada wa Njiro, Arusha*

Pole sana, dada yangu. Boti ulizozipanda ni nyepesi, huenda kasi na kuupiga kila wimbi, na katika miezi ya kusi mkondo wa Zanzibar huwalevya hata watu waliozaliwa pwani. Meli kubwa ya kitalii ina uzito mwingine kabisa, na chini ya maji ina mapezi ya chuma yanayopunguza kuyumba kwake. Sitakuahidi kwamba hutahisi chochote, maana bahari ikichafuka meli yoyote huyumba, lakini hali ile uliyoipata ndani ya boti haitabiri yatakayokupata huko.

Chumba kichague katikati ya urefu wa meli na kwenye sitaha za chini, kwa kuwa omo na tezi ndiko kunakopanda na kushuka zaidi, na kadiri unavyokwea ndivyo kuyumba kunavyoongezeka. Vyumba vya juu kabisa, vyenye sifa na bei kubwa, ndivyo vibaya kwa mtu kama wewe. Dawa kama sinarizini au meklizini hufanya kazi ikinywewa kabla kichefuchefu hakijaanza, nazo huleta usingizi, kwa hiyo mwone mfamasia mapema, hasa kama unatumia dawa nyingine au ni mjamzito. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Usikae na njaa, na ukianza kuhisi vibaya panda juu penye hewa uangalie upeo wa bahari badala ya kuangalia simu.

Kuhusu aina ya chumba, wapo wanaosema safari bila roshani haina ladha. Mimi sikubaliani nao kwa kila ratiba. Safari yenye bandari mpya kila siku hukutoa chumbani tangu asubuhi, na chumba cha ndani kisicho na dirisha, ambacho ndicho cha bei ya chini, kinatosha kabisa kwa kulala. Fedha iliyobaki utaitumia nchi kavu. Roshani ningeilipia mahali ambapo mandhari yenyewe ndiyo safari, kama vile kwenye fiodi za Norwei, yaani ghuba nyembamba zilizo kati ya milima, au mbele ya barafu za Alaska.

Kama bado una hofu, liko wazo ambalo nalipenda kuliko yote niliyoyaandika hapa: mto Nile, kati ya Luxor na Aswan. Hakuna mawimbi, kingo za mto huonekana pande zote mbili, na meli ni ndogo kiasi kwamba kufikia siku ya pili wahudumu wanakufahamu. Safari zinazoanzia Luxor kwa kawaida ni za usiku nne na zinazoanzia Aswan ni za usiku tatu. Utapita kizuizi cha Esna, ambapo maji huinuliwa au kushushwa ili meli zipite, kisha utashuka Edfu kwenye hekalu la Horus, na Kom Ombo, ambako hekalu la miungu wawili, Sobek mwenye kichwa cha mamba na Horus, linaangalia mto moja kwa moja. Kutoka Aswan unaweza kuamka usiku na kwenda kwa gari hadi Abu Simbel, mwendo wa karibu kilomita 300 jangwani, ukaone mahekalu ya Farao Ramses wa Pili yaliyokatwa vipande na kuhamishiwa juu katika miaka ya 1960 ili yasimezwe na ziwa la bwawa la Aswan. Nenda kati ya Oktoba na Aprili. Wakati wa kiangazi joto la Misri ya juu, yaani ya kusini, hupita nyuzi 40, na nauli ya chini ya msimu huo haikufidii kwa lolote.

Sisi ni familia ya Waswahili tunaoishi Maskati. Tunafikiria meli inayotoka Istanbul kuzunguka visiwa vya Ugiriki, tukiwa na bibi na watoto. Tunajali chakula cha halali, sala na mavazi ya heshima. Je, tutakuwa na raha?
*Baba wa watoto wanne, Maskati*

Mtakuwa na raha, Baba, mkilianza jambo hili siku ya kuhifadhi nafasi, maana mgeni anayeuliza nyama ya halali akiwa ameshakaa mezani hana cha kusaidiwa. Iandikieni kampuni na kuomba jibu la maandishi: je, nyama ya halali inapatikana, inapikwa kando, na ni lazima iagizwe wiki ngapi kabla? Baadhi ya kampuni huiandaa kwa maombi na nyingine haziwezi. Panapokosekana, samaki na mboga havikosekani, ila muulizeni mpishi mkuu kuhusu mchuzi uliotiwa mvinyo na vitamutamu vyenye jelatini, na mkae kwenye ukumbi wa kuhudumiwa mezani, kwa sababu kwenye chakula cha kujipakulia vijiko huhama kutoka sahani moja hadi nyingine. Mkishuka Istanbul na Kuşadasi suala hilo halipo, kwa hiyo kuleni vizuri huko.

Meli hugeuka usiku na mchana, hivyo kibla cha alfajiri chumbani si cha adhuhuri. Televisheni ya chumbani kwa kawaida ina chaneli ya ramani inayoonyesha mahali meli ilipo na upande inakoelekea, na ukiilinganisha na dira utapata jibu. Simu peke yake usiiamini sana ndani ya kuta za chuma. Hukumu za kupunguza na kukusanya sala safarini mwulizeni sheikh wenu kabla ya kuondoka.

Kuhusu mavazi, kanzu safi yenye koti na kofia ni vazi la taifa la heshima na hukubalika kwenye usiku wa mavazi rasmi; buibui halina tatizo. Vazi la stara la kuogelea nalo hupokewa mradi liwe la kitambaa cha kuogelea. Kwa ajili ya bibi, ombeni chumba kilicho karibu na lifti na mtoe taarifa mapema kama atahitaji kiti cha magurudumu, kisha muangalie ni visiwa vipi meli inafunga gati na vipi inashusha watu kwa mashua, kwa sababu bibi mwenye magoti mabovu anaweza kuzuiwa kuingia mashuani bahari ikiwa na mawimbi. Kwake, ratiba yenye gati tatu nzuri ni bora kuliko yenye visiwa sita vya mashua.

Nyumbani kwetu hatujaisahau MV Bukoba. Mwanangu anayefanya kazi Ulaya anataka kunilipia safari ya meli, nami moyo unakataa. Utaniambia nini?
*Mzee, Igoma, Mwanza*

Shikamoo, Mzee. Hofu yako ina sababu, na sitaipuuza. Mei 21, 1996, mamia ya watu walipotea karibu kabisa na Mwanza ndani ya chombo kilichobeba watu kupita uwezo wake, na Septemba 2011 yakatokea mengine kama hayo katika bahari ya Nungwi. Meli ya kitalii haiwezi kujazwa namna hiyo, kwa sababu kila abiria na kila baharia husomwa kwa kadi anapopanda na anaposhuka, na idadi ya watu waliomo hujulikana wakati wote. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, uliozaliwa mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic, unalazimisha pawe na nafasi ya kuokolewa kwa kila mtu.

Hata hivyo ajali zimetokea. Januari 13, 2012, Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia na watu 32 wakafa. Kulikuwa na mamia ya abiria waliopanda Civitavecchia jioni hiyo hiyo ambao walikuwa hawajafanya zoezi la dharura, kwa kuwa kanuni za wakati ule ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Kanuni hiyo ikabadilishwa, na sasa zoezi hufanyika kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu inapoondoka. Kwa hiyo, Mzee, ukikubali mwaliko wa mwanao, fanya zoezi hilo kwa makini hata kama wenzako wanapiga picha. Tembea kwa miguu yako kutoka chumbani hadi kituo chako cha kukusanyika, kwa ngazi na si kwa lifti, na ujue king'ora: milio saba mifupi au zaidi, kisha mmoja mrefu. Viatu na dawa za shinikizo la damu, kama unazitumia, viwe karibu na kitanda kila usiku.

Kuna hatari nyingine ambayo abiria hukutana nayo mara nyingi zaidi, nayo ni ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoletwa na virusi vya noro. Nawa kwa sabuni na maji kabla ya kila mlo, kwa kuwa jeli ya spiriti haiviui vizuri. Mwanao naye akukatie bima inayolipia matibabu na kuhamishwa kwa dharura, maana daktari wa meli hutoza ada kubwa na helikopta hutoza zaidi.

Naishi Minnesota na mke wangu, sote tukiwa Wakenya wenye kadi ya ukaazi wa kudumu. Ana mimba ya wiki 16. Tumeona nauli nafuu ya Karibi kutoka Miami mwezi Septemba, wiki nane kutoka sasa. Twende?
*Kaka wa Minneapolis, Marekani*

Hapana, kaka. Kampuni nyingi humkataa mjamzito atakayefikisha wiki 24 wakati wowote wa safari, na mkeo atazifikisha siku ya kupanda. Zaidi ya hayo, Septemba ni kilele cha msimu wa vimbunga, unaoanza Juni 1 hadi Novemba 30. Nauli ni nafuu kwa sababu hiyo, na kampuni ina haki ya kubadilisha bandari bila kuwarudishia nauli.

Subirini mtoto azaliwe. Kwa safari za kawaida kampuni nyingi humpokea mtoto mchanga akiwa na miezi sita, na kwa safari za kuvuka bahari kuu humtaka awe na mwaka mmoja. Wenu atakuwa amefikia umri wa kwanza katikati ya mwaka ujao, ambao ni wakati mzuri wa Alaska kutoka Seattle. Meli hizo hupitia bandari ya Kanada, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani peke yake. Kanada haiwadai viza wakazi wa kudumu wa Marekani, mradi kila mmoja awe na pasipoti halali pamoja na kadi ya ukaazi. Basi kagueni tarehe za pasipoti zenu za Kenya sasa hivi, na pasipoti ya mtoto iombwe mara tu cheti chake cha kuzaliwa kitakapotoka.